Mchoro wa Upande Wangu

Mratibu alikiweka kiti cha yule niliyempenda karibu na dirisha, akamwambia akae, kisha akamkataza kusema.

"Sheria unaijua, Mhandisi. Kifaa umekibuni wewe, kwa hiyo hutatoa neno mpaka mjenzi mwenyewe aseme 'nimemaliza' au 'nimeshindwa'. Hutaonyesha kwa kidole. Hutakohoa kile kikohozi chako cha kutoa habari."

"Na macho?" aliuliza yeye, akitabasamu kidogo upande wangu.

"Uyachunge. Hasa hayo."

Nikainamia karatasi zangu. Masikio yalikuwa yamepata moto, nikashukuru kwamba kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeyafunika.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wageni. Shirika letu lilikuwa dogo na lilitetea jambo moja: mchoro wa kifaa uwe wazi kwa kila mtu, ili anayekitumia aweze kukifungua, kukitengeneza kikiharibika, na kumfundisha mwenzake. Mhandisi alibuni vifaa. Mimi nilichora picha za maelekezo na kuandika maneno yake, hatua kwa hatua. Lakini hatukutoa mchoro wowote kabla ya siku ya ukimya. Siku hiyo tulimwalika mtu asiyejua lolote, tukampa vipuri na karatasi, naye akajenga peke yake huku mbunifu akitazama bila kusema, kwa sababu huko karatasi zinakokwenda mbunifu hatakuwepo. Mjenzi akikosea, hatukusema amekosea. Tulisema karatasi imekosea, nami nikaandika kwa kalamu nyekundu.

Mjenzi wa siku ile alikuwa anapanda ngazi kwa kishindo. Alikuwa Baba yangu.

Yalianzia sebuleni kwetu, wiki iliyotangulia. Mhandisi alikuja kujitambulisha, akakaa ukingoni mwa kochi na shati lake lililonyooshwa hadi kwenye mishono. Alisema alichokuja kusema kwa sauti yake ile ya chini, sauti ambayo mimi nikiisikia simuni hukaa kitako. Baba alimsikiliza akiutazama mdomo wake, uso umekunjamana.

"Nasikia kampuni ilitaka kuununua mchoro wako," Baba alimkatiza. "Ukakataa."

"Ndiyo, mzee. Walitaka waufungie."

"Ee?"

"Walitaka waufungie, mtu mwingine asiweze kukitengeneza."

"Na wewe unataka kuugawa bure. Sasa nikuulize, Bwana Bure, binti yangu utamlisha michoro?"

Mama aliweka trei ya chai mezani kwa kelele zaidi kidogo kuliko kawaida. Baba hakugeuka.

Ni lazima nimweleze Baba, asije akaonekana mtu mbaya. Ni mwoka mikate. Mikate yake tunaijua mtaa mzima kwa harufu, na vipimo vyake hakuna anayevijua. Akichanganya unga hufunga mlango wa bekari kwa komeo, na Mama mwenyewe, aliyezaa naye watoto na kuzika naye wazazi, hajawahi kuvuka komeo lile. Kwa Baba, siri ile ndiyo iliyotujengea nyumba na kunipeleka mimi chuoni. Mtu anayetoa siri yake hadharani alimwona kama mtu anayelala mlango wazi.

"Kitu ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza si kitu," alisema. "Hata mimi nitakiweza?"

"Hata wewe, mzee."

Niliona taya la Baba likikazika. "Vizuri. Nitakuja hukohuko kwenu nikitengeneze kwa mikono yangu. Kikifanya kazi, tutazungumza. Kikikataa, usikanyage tena hapa kwangu."

Nilikimbilia jikoni na machozi. Mama akanishika mkono.

"Mwache aende," alininong'oneza, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona. "Unajua kifaa chenyewe ni cha nini. Akishakijenga mwenyewe ataona aibu kukitupa."

Kilikuwa kifaa cha kusaidia masikio: kiboksi cha kukaa mfuko wa shati, maikrofoni ndogo, na waya wa kwenda kwenye kisikilizio cha sikioni. Mashine ya kukandia ilikuwa imemla Baba masikio kidogo kidogo, na yeye alikuwa amekataa habari hiyo moja kwa moja. Kwake, watu wa siku hizi wananong'ona. Mtangazaji wa redio ananong'ona. Kengele ya mlango wetu imekufa. Mama aliwahi kumnunulia kifaa cha dukani, kikafa baada ya muda mfupi, na kwa kuwa kiligandishwa kwa gundi pande zote, hakuna fundi aliyeweza kukifungua. Baba alisema ni dalili kwamba hakukihitaji.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, shati jeupe, unga kwenye nyusi, Mama nyuma yake na pochi yake.

"Karibu, mzee," Mratibu alisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Utajenga kwa kufuata karatasi. Uliza chochote, hakuna atakayekujibu. Sema chochote, binti yako ataandika."

Baba akamwelekezea kidevu mtu wa dirishani. "Na huyu?"

"Huyo haruhusiwi kusema."

"Hata nikimwambia nini?"

"Hata ukimwambia nini."

Baba akavuta kiti polepole, uso umemkunjuka kama mtu aliyetengewa meza ya harusi. Nilikaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso naye, nikafungua kalamu nyekundu. Mama akakaa kando. Nikajua tumekwisha.

"Bwana Bure," alianza, akipanga vipuri kwenye trei kama anavyopanga mikate. "Leo nimekupata. Siku ile ulikuwa unatafuna maneno kama unayaonea huruma. Mwanaume anayekuja kuomba binti wa mtu anatakiwa aongee asikike mpaka kwa jirani. Wewe ulikuja kama umekuja kuulizia choo."

Mratibu alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mhandisi alimtazama Baba, akakubali kwa kichwa kidogo sana, kwa adabu. Hata hilo Mratibu alilikemea kwa kikohozi.

"Hatua ya kwanza," Baba alisoma, akisogeza karatasi mbali na macho. "'Weka risasi kidogo kwenye ncha ya chuma cha kuchomea.' Kidogo! Kidogo ni kiasi gani? Punje ya mchele? Harage? Nani ameandika hivi?"

Niliandika: *Mjenzi anauliza, kidogo ni kiasi gani?* Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara nyingi na sikuwahi kuliona hilo.

"Ndiyo maana mimi sitoi vipimo vyangu," alisema. "Watu hawajui kuandika."

Aliyeyusha risasi, ule waya laini wa kuunganishia vipuri, akaunguza kidole, akakipuliza. "Kitu hiki kina hasira kuliko tanuri."

"Pole," alisema Mama.

"Ee?"

"Nimesema pole!"

"Sijaumia. Mbona unapiga kelele?"

Asubuhi ikaenda hivyo. Baba alichomea waya na kumchoma mkwe mtarajiwa kwa maneno. Alimuuliza kama ana kiwanja, akamjibia mwenyewe kwamba hana. Akauliza kama watoto watasomeshwa kwa michoro ya bure, akacheka. Mhandisi hakuinamisha uso. Alikaa na viganja juu ya magoti, jua la dirishani likimpiga shavuni, na kila Baba alipofanikiwa kuunganisha mguu mdogo wa kipuri mahali pake, niliona kifua cha Mhandisi kikishuka. Alikuwa anamwombea mtu anayemtukana. Nilitaka kumfikishia neno moja tu, hata kwa macho, lakini macho nayo yalikuwa yamezuiliwa, na mimi ni mtu mtiifu. Nilimwibia jicho mara moja. Nikamkuta naye ananiibia. Tukarudi haraka kila mmoja kwake, kama watoto walioonana darasani wakati wa mtihani.

Kisha nikaanza kumwona Baba akibadilika bila yeye kujua. Maneno yalipungua. Ncha ya ulimi ilitokeza pembeni mwa mdomo, kama anapokata unga kwa ajili ya tanuri la alfajiri. Alipofika kwenye kufunga kiboksi, aliinua kitu kwenye mwanga.

"Skrubu," alisema. Akaikagua kana kwamba ameiokota njiani. "Si gundi."

Akaizungusha vidoleni.

"Mashine yangu ya kukandia ilipokufa bodi ya umeme, nilimsubiri mtu wa kampuni mpaka unga ukaingia wadudu. Alipokuja, alibadilisha kitu kidogo kama hiki. Akanigeuzia mgongo ili nisione." Akaiweka skrubu kwenye trei. "Akanigeuzia mgongo, ndani ya bekari yangu mwenyewe."



Kabla ya skrubu ilibaki maikrofoni. Ni kidude kama kifungo cha shati, chenye miguu miwili, na mguu mmoja ukikaa mahali pa mwenzake hakiungui wala hakiharibiki. Kinanuna tu, bila kutoa sauti. Baba aliitazama picha, akaitazama maikrofoni, akaigeuza vilevile kama picha ilivyoonyesha, akaichomea kwa makini kuliko kitu chochote alichogusa asubuhi ile. Nilisikia kiti cha dirishani kikilia. Mhandisi alikuwa ameegemea mbele. Mratibu akamtazama, naye akarudi nyuma, akafumba macho kabisa.

Baba alikaza skrubu. Akatia betri. Akaingiza kisikilizio sikioni, bila kumtazama Mama, akazungusha kitufe.

Tulingoja.

Akazungusha tena. Akakigonga kidogo, kama anavyogonga mkate kusikia kama umeiva.

"Kimekataa," alisema.

Nilitegemea afurahi. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua tanuri akakuta mikate imelala. Akamgeukia Mhandisi.

"Wewe unajua. Tangu pale ulipofumba macho, unajua. Sema!"

Mhandisi alimtazama Mratibu. Mratibu akatikisa kichwa.

"Mzee, ukisema 'nimeshindwa' atakuambia mara moja."

"Neno hilo silisemi."

"Basi na yeye hasemi."

"Kijana, huoni kwamba kikikataa unakosa mke? Fungua mdomo!"

Mhandisi akasema hapana kwa kichwa. Na mimi nilijua kwa nini, maana aliwahi kuniambia tukiwa tunafunga ofisi: ukimsaidia huyu aliye mbele yako, kosa linabaki kwenye karatasi, na yule wa mbali ambaye hana wa kumuuliza ataketi nalo peke yake. Alikuwa anamlinda mtu asiyemjua, na gharama yake ilikuwa mimi. Nilimpenda kwa hilo, nikaumia kwa hilohilo.

Baba alifungua skrubu, akakiweka kiboksi wazi mezani kando ya picha, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikaitazama picha ile kutoka ng'ambo nilikokuwa nimekaa, imenigeukia juu chini. Kisha nikaitazama maikrofoni.

Kutoka upande wangu, picha ilikuwa imepatia.

Nikashikilia ukingo wa meza. Picha zote za maelekezo nimezichora nikiwa nimekaa kando ya Mhandisi, bega kwa bega, tukiangalia mikono yake kutoka upande mmoja, kama mjenzi atakavyoona. Zote isipokuwa hiyo. Siku ya maikrofoni nilihamia kiti cha ng'ambo. Nilikaa nikimwelekea yeye. Nikachora kila kitu kinyume, na sikugundua.

Mchoraji ana ruhusa moja tu siku ya ukimya. Anaweza kusimamisha kazi, akasema karatasi imekosea, akairekebisha, na mjenzi akaendelea. Lakini lazima aseme kwa mdomo wake kosa lilitokeaje, ili lisijirudie kwenye michoro mingine. Na mimi, ambaye chuoni nilipoteza maksi kwa kuogopa kunyoosha mkono, nikanyoosha mkono.

"Karatasi imekosea," nilisema.

Kiti cha dirishani kililia tena.

"Hatua gani?" Mratibu aliuliza.

"Ya maikrofoni. Picha imegeuka. Niliichora kwa upande wangu badala ya upande wa mjenzi."

"Kosa limetokeaje?"

"Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza."

"Kwa nini siku hiyo ulikaa ng'ambo?"

Angeweza kuniachia hapo. Hakuniachia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ni sheria au ni utani wake. Nikasema jibu nikiliangalia sanduku la vipuri.

"Ee?" Baba alisema. "Anasema nini?"

Nikarudia.

"Binti yangu, sema kwa sauti! Mbona mnanong'ona wote nyumba nzima?"

Nikasimama. Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Nilikaa ng'ambo ili nimtazame yeye! Nilikuwa namtazama yeye, Baba, sikuwa natazama maikrofoni!"

Chini, kwenye duka la matairi, mtu aliacha kugonga nyundo. Kisha akapiga mluzi mrefu. Mama aliziba mdomo kwa pochi, mabega yakimtikisika. Mratibu aliandika kwa mkono thabiti, akitamka anachoandika: "'Mchoraji... alikuwa... anamtazama... mbunifu.' Asante. Rekebisha, mzee aendelee."

Sikuthubutu kutazama dirishani. Nilichukua kalamu, nikazunguka meza, nikasimama begani kwa Baba, nikachora maikrofoni upya kutoka alikokaa yeye. Baba aliniangalia usoni kwa muda, kama mtu anayesoma bei iliyoandikwa kwa wino uliofifia. Kisha akashika chuma cha moto, akaitoa maikrofoni, akaigeuza, akaichomea upya.

Skrubu. Betri. Kisikilizio. Kitufe.

Baba alikiachia kitufe. Mkono wake ulibaki hewani.

"Nani anakwaruza?" aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Tulitazamana. Kisha nikaitazama kalamu yangu. Nilikuwa naandika.

"Ni mimi, Baba. Ni kalamu."

Aliigeukia kalamu. Akageukia feni iliyokuwa inalia juu. Akamgeukia Mama, na Mama, kwa makusudi kabisa, akazitikisa bangili zake polepole. Macho ya Baba yalijaa maji, akasingizia moshi wa risasi.

"Nimemaliza," alisema.

Mhandisi alisimama. Alikuwa huru kusema sasa, na nilidhani atajitetea: kiwanja, watoto, yote. Lakini alisema tu, kwa sauti yake ileile ya siku zote, bila kuipandisha hata kidogo, "Hongera, mzee. Umechomea vizuri kuliko mimi nilivyochomea cha kwanza."

Baba aliinamisha kichwa kama anaonja kitu.

"Kumbe una sauti," alisema.

"Ninayo, mzee."

"Nzuri tu." Akakuna nyusi, unga ukamwagika mezani. "Siku ile nyumbani... sikusikia hata nusu. Nilikasirika tu. Ulisema nini hasa?"

Na Mhandisi akayarudia maneno yake yote, amesimama na mikono nyuma. Kwamba ananipenda. Kwamba ana kazi, haitamfanya tajiri, lakini haimwibii mtu usingizi. Kwamba anaomba ruhusa ya kuja na wazazi wake. Mimi nilikuwa nimeyasikia sebuleni, lakini siku ile yalikuja yakiwa mapya, kwa sababu Baba alikuwa anayasikia.

Alipomaliza, Baba alikitia kiboksi mfuko wa shati, akakipapasa.

"Karatasi hii kesho ataipata kila mtu?"

"Kila mtu, mzee. Ikiwa imerekebishwa."

"Na kile cha 'kidogo' mkiandike. Punje ya mchele, inatosha." Akanyanyuka. "Sasa unisikilize na wewe. Mimi siyo wewe. Vipimo vya mikate yangu sijampa mtu. Hata huyu." Akamwonyesha Mama.

"Nalijua hilo, mzee."

"Na sitakupa. Vipimo vyangu havitoki nje ya familia."

Mhandisi aliinamisha uso. Baba akamngoja auinue. Akamngoja vya kutosha.

"Sasa wewe," alisema, "huko nje unangoja nini?"

Mama alitoa kijikelele. Mratibu akaifunga droo. Na yeye, aliyekaa asubuhi nzima akiwa na mambo ya kusema na hana ruhusa, alisimama katikati ya chumba ana ruhusa na hana neno. Nikamsogelea, karibu kabisa na bega lake, upande wake.

"Sema kitu basi," nilimnong'oneza, kwa sauti ya mtu anayeongea na mto wake.

"Nimesikia hiyo," alisema Baba.